Meli Iliyolazwa kwa Mafuta

Kwetu Kinyangiri jembe halilali bila kupakwa mafuta. Sisemi kijiji kizima, nasema nyumbani kwetu tu, maana majirani wamekuwa wakitucheka kwa hilo tangu nikiwa mtoto. Palizi ikiisha na viazi vikishachimbwa, baba alikusanya majembe yote ya nyumbani, akayasugua kwa mchanga na majivu mpaka chuma kikang'aa, kisha akaketi kwenye kigoda na kopo la mafuta ya mkia wa kondoo. Alipaka jembe moja moja, mbele na nyuma, na zaidi pale chuma kinapoingia kwenye mpini.

"Kutu huanzia shingoni," alisema kila mwaka, kana kwamba mwaka uliopita hatukuwepo.

Akimaliza jembe moja alilifunga kwa kipande cha gunia, akaliinamia, akalisemesha kwa Kinyiramba maneno ambayo kwa Kiswahili ni: Lala, utaamka. Mafuta yaliyobaki vidoleni hakuyafuta. Alijipaka mikononi mpaka kwenye viwiko, kwa sababu majira hayo upepo wa Singida unapasua ngozi, na kwa sababu mafuta ya kondoo si kitu cha kupangusia kwenye nyasi.

Utaratibu huo aliurithi kwa babu yake, na babu yake, kwa maelezo ya baba, aliutoa kwenye meli. Hapo ndipo majirani walipoanzia kucheka. Meli gani, na sisi tuko huku kwenye mawe na alizeti? Baba hakujali. Alisimulia kwamba wakati wa vita ya Mjerumani babu yake alichukuliwa angali kijana, akabebeshwa vyuma, akafika navyo mpaka Ziwa Tanganyika. Vyuma vile viliungwa vikawa meli ya vita yenye mzinga, na babu akabakizwa humo kulisha kuni kwenye tanuri. Vita ilipowaelemea, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kwanza waliipaka mashine yake mafuta, kila chuma na kila tundu, kwa kuwa walikuwa na nia ya kurudi. Grisi ilipopungua yakatafutwa mafuta ya kondoo vijijini, na babu yake baba akawa miongoni mwa waliopaka. Wenyewe hawakurudi tena. Meli ilikaa chini ya maji miaka, wakaja wengine wakaiibua, wakafuta mafuta, wakawasha moto, na mashine ikanguruma.

"Chuma kilicholala majini miaka yote hiyo kikaamka," baba alimalizia. "Na wewe unashindwa kutunza jembe mpaka mvua zirudi!"

Kijijini walimwita Nahodha. Akipita kwenye kilabu cha pombe za kienyeji mtu atamuuliza kama ziwa limechafuka leo, naye atajibu kwamba limetulia, na wote watacheka, yeye mwenyewe akiwemo. Mimi nilikuwa upande gani? Kwa tabia mimi ni mtu wa kuuliza bei kabla ya kusifia kitambaa. Hadithi ile sikuiamini wala sikuikataa. Ilikuwepo nyumbani kama kinu kilivyokuwepo, na hakuna mtu anayekaa kujiuliza kama anakiamini kinu.

Nilipoolewa Singida mjini, kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa mafuta ya alizeti, nilijaribu mara moja kumsimulia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa heshima zote kwamba alizeti nayo ingefaa. Huyo ndiye mume wangu. Biashara haimtoki kichwani hata kwenye meli ya Mjerumani.

Mwaka jana macho ya baba yalianza kuingia ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, na kwamba jicho la kulia litafanyiwa upasuaji zamu yake ikifika. Kaka yangu, ndiye anayekaa naye na kumtunzia ng'ombe, akaona amsaidie mzee kazi ya majembe. Kaka ni mtu mwema, ila ulimi wake hauna breki. Aliyakusanya majembe, akachukua oili chafu aliyoimwaga kutoka kwenye pikipiki yake, akayapaka yote kwa tambara, akayapanga ghalani. Kwa macho yale baba asingejua. Lakini pua yake ilikuwa nzima.

"Umeyapaka nini majembe yangu?"

"Oili, baba. Kazi ni ile ile."

"Oili iliyochoka?"

Kaka alikuwa ameshinda juani, na wifi anasema hata chai alikuwa hajanywa. Akasema, "Baba, meli yenyewe hakuna aliyeiona. Wewe hujaiona. Miaka yote tunachinja kondoo kwa ajili ya hadithi."

Haya yote nilisimuliwa na wifi kwa simu, kwa sauti ya chini, akiwa amejificha jikoni. Aliniambia baba alisema, "Basi nitakwenda. Nikiiona ile mashine kwa macho yangu, utayaosha majembe yote, uyapake upya kwa mkono wako. Nisipoiona, pakeni oili, pakeni matope, mimi sitasema neno tena." Halafu akachukua kigoda chake, akakihamishia nyuma ya zizi, na chakula chake kikawa kinapelekwa huko.

Nilikwenda Jumamosi ile ile. Nilitegemea kumkuta mzee mwenye hasira, maana hasira zake nazijua na nina dawa yake: unamletea tumbaku na kumwacha aongee. Nilimkuta mzee mwenye aibu. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa. Aliniuliza habari za wajukuu, lakini jibu hakulisubiri. Iliniuma. Mtu akishafika umri ule, shamba wanalima wengine, ng'ombe wanachunga wengine, macho nayo yanaaga. Amebaki na babu yake tu. Ukimwondolea na huyo, umemwachia nini?

"Hiyo meli ipo kweli, mwanangu?" aliniuliza. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiuliza swali hilo.

Nilirudi mjini nikiwa nimemnunia kila mtu. Ikawa bahati, au Mungu, siku chache baadaye televisheni ya dukani ikaonyesha meli kongwe ya kivita kule Kigoma. Imestaafu, wakasema, imefungwa gatini na kufanywa makumbusho, watu wanaingia kuitazama. Niliacha mteja amesimama na dumu lake. Mume wangu alinitazama, akaitazama televisheni, akasema, "Mpeleke. Ng'ombe haelemewi na nunduye." Kisha akamhudumia yule mteja yeye mwenyewe, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

Tulisafiri kwa basi kupitia Nzega na Tabora, tukiwa na michembe ya viazi vilivyokaushwa, karanga na kuku wawili wa kukaanga, maana mtu wa Singida hasafiri bila kuku. Baba alivaa koti lake la kanisani. Chini ya koti, kwapani, alikuwa na kopo lililofungwa kwa kitambaa. Nilidhani ni tumbaku. Jua lilipopanda na basi likapata joto, abiria wa nyuma yetu akauliza kwa sauti kama kuna kondoo amekata tiketi. Hapo nikajua. Baba alikuwa amebeba mafuta ya mkia ili aipake ile mashine.

"Baba, ile ni makumbusho," nilimnong'oneza. "Hawataruhusu."

"Nyumba ya mtu huingii mikono mitupu," alijibu, akafunga kitambaa vizuri zaidi.

Meli tuliiona kabla hatujafika gatini, na mimi, muuliza bei, nilisimama. Ilikuwa ndefu, nyeupe juu na nyeusi chini, na rangi mpya imepakwa juu ya rangi ya zamani mpaka misumari yake mikubwa imekuwa kama upele uliopona. Sikuwa nimejiandaa kuiona ipo. Nilimweleza baba kila kitu taratibu, kwa kuwa kwake ilikuwa kivuli kikubwa tu. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.

Binti wa kutembeza wageni alimpa shikamoo, akamshika mkono kwenye daraja la kupandia. Alianza kueleza, na alieleza vizuri. Meli ililetwa kwa vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapo hapo ziwani. Ilifungwa mzinga. Ilipoonekana vita imeelemea upande mmoja, mafundi wakapaka mashine zake grisi nzito, wakaizamisha kwa makusudi. Baadaye ikaibuliwa, ikatengenezwa, ikabeba abiria na samaki na mahindi kwa miaka mingi kuliko ile michache ya vita.

Baba alinipiga kiwiko. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Ni mimi ninayesema hapo?"

"Siyo wewe, baba."

Alikuwa anacheka peke yake, mabega yanatikisika. Akamuuliza binti kuhusu wale waliopaka, walikuwa akina nani. Binti akasema ni mafundi wa Kijerumani. Na wabeba mizigo? Na wa kulisha kuni? Binti akafikiri. "Walikuwepo wengi, babu. Majina yao hatunayo." Na mafuta ya kondoo? Hapo binti akawa mkweli: "Hayo sijayasoma popote. Grisi ndiyo najua. Lakini siwezi kusema hayakuwepo." Baba akaridhika kabisa. Alisema majina hayamsumbui, maana la babu yake analo yeye. Anachotaka sasa ni kuiona mashine.

Tulishuka kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Binti alitangulia, baba katikati, mimi nyuma nikishikilia koti lake na kumwomba Mungu. Kule chini kulikuwa na joto na harufu ya dizeli. Mbele yetu kulikuwa na injini mbili kubwa, za kijani. Baba alitoa kopo kwapani, akaanza kufungua kitambaa.

"Ndizo hizi?"

Nilimwona yule binti akisita. "Hizi zilifungwa baadaye sana, babu. Za dizeli. Zile za mvuke, za mwanzo, ziliondolewa."

"Zikawekwa wapi?"

"Hazikuwekwa. Nasikia zilikatwa, zikauzwa chuma chakavu. Kwa hakika sijui."

Baba alinyoosha mkono, akagusa ile injini ya kijani kwa vidole viwili, akaurudisha mkono. Kisha akapapasa ngazi nyuma yake, akaketi kwenye kidato cha chini, kopo likiwa magotini.

Nilimkasirikia yule binti, ingawa hakuwa na kosa lolote. Niliikasirikia meli nzima. Tulikuwa tumepita kengele, imetunzwa. Tumepita sinki la nahodha, limetunzwa, limewekewa na kamba watu wasilikaribie. Wametunza sinki, mashine wakauza! Mashine iliyokaa chini ya maji ikatoka hai, ikaja kuuawa na tindo. Nilitaka kusema, lakini baba aliongea kabla yangu, kwa upole.

"Mjukuu wangu, naomba nipake kidogo. Popote. Hata hapo kwenye bawaba ya mlango."

"Babu, hairuhusiwi. Wakijua nimekubali, nitapoteza kazi."

"Basi usikubali," baba alisema, akafunga kopo. "Kazi ni kazi."

Alimshukuru, akambariki, akamuuliza ana watoto wangapi. Tukapanda.

Safari ya kurudi baba hakula kuku. Nililala, nikaamka, nikamkuta amekaa vile vile, uso dirishani, ingawa najua hakuwa anaona kitu. Tulipoipita Tabora nilimwambia nililokuwa nalo moyoni. "Baba, tumwambie kaka tumeiona. Wewe na mimi tu ndio tunajua. Hata hivyo meli ipo, walipaka, yote uliyosema ni kweli. Kilichobaki ni kidogo."

"Macho yangu yana ukungu," baba alisema. "Ulimi wangu hauna."

Sikurudia tena.

Tulifika Kinyangiri jioni, jua likiwa bado juu ya mawe. Kaka alikuja kutupokea barabarani. Alimpa baba shikamoo, akachukua mzigo, akamshika mkono. Uani nilishangaa. Majembe yote yalikuwa yameegemezwa ukutani, na hayakuwa na oili. Yalikuwa yamesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka mipini yake imekuwa myeupe. Nilimtazama wifi, naye akanionyesha kwa nyusi kwamba nisiulize. Baadaye aliniambia kaka aliifanya kazi ile siku tulipoondoka, akirudia jembe moja mara mbili, mara tatu, akinusa.

Baba hakuyaona. Aliketi kwenye kigoda, ambacho kaka alikuwa amekirudisha mahali pake, akanywa maji, akasema alichokuja kusema.

"Meli ipo. Nimeikanyaga. Iliungwa pale, ilipakwa mafuta, ilizamishwa, iliibuliwa. Binti wa pale amesema hivyo bila mimi kumfundisha. Mashine sikuiona. Haipo. Nilisema nisipoiona sitasema neno. Umeshinda. Pakeni mnachotaka."

Kama kaka angefurahi hata kidogo, nadhani ningemrushia kibuyu. Hakufurahi. Alikuwa ameinama, anachora chini kwa kidole cha mguu, baba wa watoto watano.

"Ilikwenda wapi?" akauliza.

"Waliikata. Waliiuza chuma chakavu."

Kaka akainua kichwa. Yeye chuma chakavu anakijua. Kila anapokwenda Singida hupakia mageti mabovu na sufuria zilizotoboka, akauze. "Baba, chuma chakavu hakitupwi," alisema. "Kinayeyushwa. Kinatengenezwa nondo. Kinatengenezwa masufuria." Hapo akasita, akatazama ukutani. "Kinatengenezwa majembe."

Kaka aliinuka, akachukua jembe moja, lile la zamani lililoliwa mpaka limebaki nusu, ambalo baba alilinunua siku nyingi kabla mimi sijaolewa. Akaliweka magotini kwa baba. Baba alipitisha kidole gumba kwenye chuma, upande huu, upande ule. Aliposhuka mpaka shingoni na kukuta pamesuguliwa pakavu, bila oili, kidole kikasimama pale.

"Nani amesugua hili?"

"Mimi, baba."

Sijui jembe lile lilitengenezwa kwa chuma gani. Huenda ni la Uchina. Hakuna mtu pale aliyedai kujua, na baba mwenyewe hakudai. Aliingiza tu mkono ndani ya koti la kanisani, akatoa kopo, akalinyoosha mbele yake kuelekea sauti ya kaka.

Kaka alipaka majembe yote. Alipaka mbele na nyuma, polepole, kama mtu anayejua kwamba anasikilizwa. Baba alikaa karibu yake akipokea kila jembe, akilikagua kwa kidole, akisema "shingoni" pale palipostahili na pengine hata pasipostahili. Kaka alifunga gunia, akainama, akasema yale maneno. Nilikuwa sijawahi kuyasikia kwa sauti yake. Kinyiramba chake ni cha haraka haraka, lakini siku ile kilitulia.

Mafuta yalibaki. Kaka alikuwa na mikono inayong'aa mpaka kwenye viwiko, na kopo lilikuwa bado na kidogo chini. Upepo ulikuwa umeanza. Alitazama mikono ya baba iliyolala magotini, ngozi imepasuka kwa safari na baridi, akauchukua mmoja bila kuomba ruhusa, akaanza kuupaka. Alipaka kiganja, akapaka vidole, kimoja kimoja, akapanda mpaka kifundo cha mkono. Na kwa sababu mdomo wake ulikuwa umeshazoea, baada ya majembe yote yale, alipomaliza akasema, "Lala."

Kisha akasikia alichosema. Akabaki ameshika mkono wa baba, hajui auweke wapi.

Baba alisubiri. Alipoona kaka haendelei, akautikisa mkono wake kidogo ndani ya mikono ya kaka.

"Malizia," alisema. "Usiniache nusu."

"Utaamka," kaka akasema.

Baba akampa mkono wa pili.